Nyumba Iliyojengwa kwa Mtama Ulioota

Bwawa lilipopasuka nilikuwa ghalani mwa tajiri wetu wa mashine ya kusaga, napepeta mtama. Ilikuwa asubuhi. Mvua iliyonyesha siku nyingi ilikuwa imepumzika, na sisi wanawake wa mashine tulikuwa tukilalamika kwamba nafaka imevuta unyevu na makapi hayataki kuruka. Mara king'ora cha mashine kikalia. Haikuwa saa ya kuanza kazi wala ya kumaliza. Mchochezi wa tanuri alikuwa amepanda juu ya paa kuziba bati lililovuja, na huko juu aliliona korongo likija limejaa ukingo hadi ukingo, maji mekundu yamebeba miti mizima. Alishuka mbio akaning'inia kwenye mnyororo wa king'ora, na hakuuachia mpaka maji yalipomfika kiunoni. Waliopona siku ile, wengi walipona kwa sauti hiyo.

Mji wetu ulikuwa mdogo, kusini-mashariki ya Dodoma, umeegemea reli. Kabla ya bwawa hapakuwa na mji. Palikuwa na mchanga na miiba. Serikali ya Mwingereza ilijenga bwawa kwa udongo kule juu ya korongo. Watu walibeba karai kichwani na ng'ombe walipitishwa juu ya tuta kulishindilia. Maji yake yalinywesha mifugo, yakajaza matangi ya garimoshi, yakachemshwa katika matanuri ya mashine mbili: ile ya kukamua karanga katika mji jirani tuliouita mji wa juu, na yetu ya kusaga nafaka. Baba yangu alitoka upande wa Mvumi kuja kuchochea tanuri hilo, na sisi wanne tulilelewa kwa moshi wake.

Mimi ndiye wa kwanza. Anayenifuata ni wa kiume, kisha mdogo wetu wa kike, kisha kitinda mimba, wa kiume pia. Mama alifariki muda mfupi baada ya kumzaa huyo wa mwisho. Nilikuwa darasa la tatu. Hakuna aliyeniambia niache shule; mtoto mchanga alilia, nikakaa naye siku moja, kisha nyingine, na kitabu changu cha kusomea kikawa cha kumchezesha. Baada ya miaka michache baba naye alifuata, kwa ugonjwa wa kifua. Nikachukua nafasi kule ghalani, kwenye kupepeta.

Kwetu mtoto hakosi wa kumchukua, na hilo ni jambo jema. Lakini huchukuliwa mmoja mmoja. Siku ya kumaliza matanga ya baba, baba mkubwa, kaka yake marehemu, alikuwa amekwisha kupanga: yule wa kiume aende kwake kuchunga, mdogo wetu wa kike apelekwe kwa shangazi kule karibu na Kolo, kitinda mimba alelewe na watu wa upande wa mama, na mimi nitafutiwe mume. Nilimpigia magoti nikamwomba atuache pamoja. Hakuwa mtu mbaya. Alitazama nyumba, akatazama moto niliokuwa nimewasha mwenyewe, akasema kwamba nyumba ya ndugu yake maadamu imesimama na jiko linawaka, hataivunja. Siku ikikosekana nyumba, atakuja kutuchukua, na hapo tusimlilie.

Kwa hiyo king'ora kilipolia, nilikimbilia nyumbani nikiwa na ungo mkononi. Nyumba ilikuwa tupu. Baba alikuwa amewafundisha wadogo zangu kwamba king'ora kikilia ovyo, huenda tanuri linataka kupasuka, wakimbilie tuta la reli. Niliwakuta huko, yule wa kiume amembeba kitinda mimba mgongoni kama gunia, na mdogo wetu wa kike amekumbatia chungu cha mboga, kwa sababu, alisema, mlenda ulikuwa bado haujaiva.

Kutoka pale tuliiona nyumba yetu ikienda. Tembe halianguki kwa kishindo. Kuta za udongo hunywa maji mpaka zikalegea, kisha paa lake zito la udongo hukaa chini polepole, kama ng'ombe anayepiga magoti. Nyumba za safu yetu zilipiga magoti moja baada ya nyingine. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akizitaja: hii ya fulani, hii ya fulani, hii yetu.

Sitaeleza yote tuliyoyaona maji yalipopungua. Mji wa juu ulikuwa karibu na bwawa kuliko sisi, na mashine yao ya karanga haikuonekana tena. Pipa lake la chuma lilikutwa limezikwa mchangani chini ya mji wetu, na tope lote lilinuka mafuta. Watu tuliowajua walikufa. Tuliwazika Wakristo, Waislamu na watu wa mila siku zilezile, na familia za Kihindi zenye maduka zilitoa vitambaa vya sanda bila kuuliza ni ya nani. Kwa nini tuta lilipasuka, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema panya walichimba, wengine wakasema mlango wa kupitishia maji ulizibwa na magogo. Maofisa walikuja, wakapima, wakaondoka. Sisi tulilazwa katika banda la mizigo la stesheni, familia na familia, tukitenganishwa na kanga zilizotundikwa.

Baba mkubwa alinikuta humo. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, na nilipompa shikamoo aliniitikia huku akitazama wadogo zangu mmoja mmoja kama mtu anayehesabu mbuzi waliorudi. Alifurahi kutuona, hilo sikulitilia shaka. Alitoa unga wa uwele aliotuletea, akakaa, akanywa maji. Kisha akasema kwa upole kwamba nyumba sasa haipo.

Nikamwambia, "Baba mkubwa, nyumba itakuwapo."

"Nani ataijenga? Wewe na hawa?"

"Watu."

"Watu hujenga kwa pombe, mwanangu. Una nafaka gani ya kupikia pombe?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Tembe si nyumba ya kujengwa na mtu mmoja. Nguzo, boriti, fito, nyasi, kisha udongo juu yake wa kumfika mtu magotini. Huwezi bila majirani, na majirani huwaiti kwa maneno matupu. Unapika pombe, unatangaza siku, wanakuja na majembe na mashoka, wanafanya kazi, wanakunywa. Na mafuriko yalikuwa yamechukua akiba ya nafaka ya kila nyumba. Hakuna aliyekuwa na mtama wa kula, sembuse wa kupikia pombe. Ndiyo maana banda lilijaa na hakuna aliyekuwa amesimamisha hata nguzo moja.

Baba mkubwa alinipa muda mpaka amalize kupalilia shamba lake. Akimaliza, atakuja na watu wa kubeba watoto.

Siku iliyofuata tajiri alituita sisi wanawake wa mashine. Alikuwa Mhindi wa makamo, mtu wa kunyamaza, na siku hizo alinyamaza zaidi. Mashine yake ilisimama pale pale lakini tanuri lilikuwa limehama na kulala ubavu. Ghala lilikuwa na magunia yaliyopangwa mpaka darini, na yale ya chini yalikuwa yameoza kabisa. Harufu yake ilifika stesheni. Mama yake mzee, aliyekaa kibarazani na leso puani, alikuwa akimgombeza kwa lugha yao tangu asubuhi. Alitaka ghala litolewe lote, likamwagwe mbali. Wanawake wengi walikataa. Walisema nafaka ile imeguswa na maji yaliyobeba maiti, na hawawezi kuitia mkono.

Jirani yetu mmoja, bibi mfinyanzi wa vyungu, alikuwa amesimama nami mlangoni. Alivuta pumzi kwa pua, akavuta tena, kama mtu aliyesikia anaitwa kwa mbali.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

Nilimwambia nasikia uozo.

"Juu ya uozo."

Nikanusa tena. Juu ya uozo kulikuwa na harufu nyingine, tamu kidogo, harufu ya nyumba ya mtu mwenye shughuli. Nilipanda juu ya magunia. Yale ya juu kabisa hayakufikiwa na mto. Yalilowa kwa mvua tu iliyoingia pale bati lilipong'oka, na joto la uozo wa chini liliyapasha. Nilipasua mshono mmoja. Mtama wote ulikuwa umeota, vimizizi vyeupe vimeshikana kama mkeka. Kwa msagaji wa unga ilikuwa hasara. Lakini mwanamke yeyote wa kwetu anayetaka kupika pombe huanza kwa kulowesha mtama, kuufunika na kuungoja uote hivyohivyo, ndicho kimea. Nilikuwa nimekalia kimea cha pombe ya arusi kumi.

Nikashuka nikamwendea tajiri, nikamwomba magunia ya juu.

"Yameota," akasema. "Huwezi kusaga unga wa kuuza. Utakuwa mchungu."

"Siuzi, tajiri. Nitapikia watu."

"Watu gani?"

"Watakaonijengea nyumba."

Alinitazama, akatazama ghala. Akasema nichukue yote ya juu niyatakayo, ila atakayegusa ya juu aondoe na ya chini. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mama yake aliuliza kitu, naye akamfasiria, na yule mama akacheka ndani ya leso yake mpaka mabega yakatikisika. Sijui alichocheka. Alinitumia gunia tupu safi la kufunikia kichwa.

Tulifanya kazi ile wanne. Tulizoa uozo kwa makarai tukaupeleka mbali upande wa nyikani, tukajifunga vitambaa usoni, tukatapika, tukarudi. Kitinda mimba hakuweza kubeba, basi tulimpa kazi ya kufukuza mbuzi wasile. Watu wa banda walitupita wakiziba pua. Kijana mmoja mpakiaji wa mizigo alitutania kwamba baba mkubwa akija hatahitaji kuambiwa tulipo, atafuata pua. Mdogo wangu wa kike alimjibu kwamba siku ya kunywa naye afuate pua hiyohiyo, na asije na kikombe kikubwa. Wale waliosikia walicheka, na kicheko kile kikawa tangazo langu la kwanza.

Kulikuwa na suala la maiti. Bibi mfinyanzi ndiye aliyelimaliza. Alikaa katikati ya banda akaanika mtama wangu juu ya mikeka mbele ya macho ya wote, akachambua uliokuwa mweusi akautupa, akala punje chache za ule mzuri, akaendelea na hadithi zake. Alisema maji ya mto hayakupanda huko juu, ulilowa kwa maji ya Mungu. Kesho yake aliamka salama, na wanawake wakaanza kuja kuniuliza kama nahitaji wa kunisaidia kusaga. Mashine ilikuwa imelala, kwa hiyo tulisagia mawe. Sauti ya mawe ilisikika tena mjini, ile ambayo mashine ilikuwa imeinyamazisha tangu nikiwa mdogo.

Miti tuliipata korongoni. Mafuriko yalikuwa yameacha magogo mengi mchangani, mengine yakiwa yamemenywa magome tayari. Mdogo wangu wa kiume aliyachagua kwa kuyagonga na jiwe na kusikiliza, akayapanga nguzo mbali na fito mbali. Kiwanja nilikichagua juu, karibu na tuta la reli.

Tatizo langu lililobaki lilikuwa Wakristo. Sisi wenyewe tulibatizwa, na kanisani kwetu pombe ilikatazwa kwa maneno makali. Nusu ya mji ilikuwa ya waumini, na mjuzi wa paa kuliko wote alikuwa mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye sauti nzito, ambaye tembe alilolishindilia yeye halikuvuja kamwe. Nilimwendea. Aliniambia anatuhurumia, lakini haji penye pombe.

"Nitakupikieni togwa," nikasema. "Chungu chenu mbali, kivuli chenu mbali."

"Togwa ya siku hiyohiyo?"

"Ya siku hiyohiyo, mzee."

Akakubali. Togwa ni kimea kilekile na uji uleule, ila hunywewa ingali tamu, kabla haijachacha. Watoto huinywa. Hakuna kanisa linaloikataza.

Siku niliyotangaza walikuja zaidi ya niliowatarajia. Walikuja hata watu wa mji wa juu ambao hawakuwa na mji tena. Wachimbaji walichimba, waliobeba nguzo walibeba kwa wimbo, wanawake walisimamisha fito za kuta na kuanza kukandika. Chini ya mti mmoja kulikuwa na vyungu vya pombe, chini ya mwingine chungu kikubwa cha togwa kimefunikwa kwa ungo. Adhuhuri boriti zilikuwa zimelala mahali pake na nyasi zimetandazwa. Kisha mbingu ikafunga, mvua ikashuka, na wote tukakimbilia bandani. Walevi walichukua vyungu vyao. Cha togwa kilikuwa kizito, kikasahauliwa chini ya mti na ungo wake.

Mvua ilinyesha siku hiyo na ya pili. Ya tatu jua lilitoka kali, na watu wakarudi bila kuitwa kumalizia paa. Pombe ilikuwa imekwisha, lakini hakuna aliyelalamika. Walisema walikwisha kulipwa. Mzee wa kanisa alifika wa kwanza. Alikuwa na kiu, akafunua chungu chake, akachota kibuyu kizima, akasema mwaka huu togwa imeiva vizuri. Akachota kingine. Wakristo wenzake wakafuata. Mimi nilikuwa napandisha udongo na sikuwaona. Ni bibi mfinyanzi aliyeniita pembeni, akanionjesha kidoleni. Ilikuwa pombe, na kali kuliko ile niliyoipika kwa kusudi.

Nilitaka kukimbia kuwaambia. Bibi alinishika mkono, akaninong'oneza, "Mwache apande juu kwanza."

Mzee alikuwa amekwisha kupanda. Kushindilia paa la tembe ni kazi ya miguu: udongo humwagwa juu ya nyasi, watu wakasimama mstari wakaukanyaga kwa mdundo mpaka ushikane. Mzee alianza na wimbo wa ibada, polepole. Baada ya kupandishiwa kibuyu cha tatu wimbo uleule ukawa na mwendo wa ngoma. Waumini waliokuwa nyuma yake walimfuata, na watu wa mila waliokuwa chini wakaanza kupiga makofi, kisha wakapanda nao. Sijaona tena paa likishindiliwa namna ile. Walikwenda mashariki wakarudi magharibi, wakitokwa jasho, mzee mbele akinyanyua magoti mpaka kifuani. Mke wake alisimama chini mikono kiunoni.

"Baba watoto, hiyo ni ibada gani?"

"Ya shukrani," akajibu kutoka juu, na hakusimama.

Jioni aliposhuka alikaa kivulini akajifuta udongo miguuni. Kisha akaniambia kwamba togwa yangu imekuwa na nguvu kidogo. Nilimweleza ilivyokuwa, kwamba mvua ilichelewesha kazi na chungu hakikujua. Alifikiri. Akasema chungu hakibatizwi, na kwamba Jumapili atalimaliza yeye mwenyewe na Bwana wake. Nyumba nyingine zilipoanza kujengwa, kwa kimea kilichobaki ambacho niliwagawia wote waliotaka, alikuja kwenye kila moja. Alileta maji yake mwenyewe katika kibuyu.

Baba mkubwa aliwasili siku ambazo kuta zilikuwa bado na alama mbichi za vidole. Nilikuwa nje namwogesha kitinda mimba. Niliwaona wanakuja kando ya reli, yeye na vijana wake wawili waliokuja kubeba watoto, na nyuma yao wanaswaga kitu ambacho sikukitambua kwa sababu ya vumbi. Aliposimama mbele ya nyumba hakunisalimu. Alizunguka ukuta wote akiugonga kwa fimbo. Aliingia, akatazama jiko. Akatoka, akapanda juu ya paa kwa kigogo cha ngazi, mtu wa umri wake, akatembea kutoka mwisho hadi mwisho, na alipofika katikati akaruka. Akaruka tena. Hata vumbi halikuanguka ndani.

Aliposhuka alirudi nyuma hatua kadhaa mpaka mahali anaposimama mgeni, akaniamkia kwa salamu ya kwetu ambayo mtu humpa mwenye kaya anapofika kwake: "Mbukwenyi." Hakuwahi kuniamkia hivyo, kila siku mimi ndiye niliyemwamkia. Niliitikia, nikamkaribisha.

Vumbi lilikuwa limetulia, nikaona walichokuwa wakiswaga. Kilikuwa mtamba, ng'ombe mwekundu ambaye bado hajazaa. Kwetu mwenye mifugo haweki ng'ombe wake wote mahali pamoja. Huwagawa kwa watu anaowaamini wamtunzie, wanywe maziwa, na ndama wakizaliwa wazungumze namna ya kugawana. Lakini ng'ombe wa amana hapelekwi kwa watoto wala kwa msichana anayesubiri mume. Hupelekwa kwenye kaya, kwa mwenye kaya.

"Nimesikia habari zako njiani tangu jana," baba mkubwa akasema. "Nilikuwa nimetoka na vijana tu. Nikarudi kumchukua huyu." Akatazama huku na huku. "Zizi lako liko wapi?"

Sikuwa na zizi. Nilikuwa na nyumba tu. Lakini mdogo wangu wa kiume, ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa achukuliwe akachunge ng'ombe wa watu, alikuwa amekwisha kushika panga na kuelekea kwenye miiba, na wale vijana wawili waliokuja kumbeba wakamfuata kumsaidia kukata. Nilimwambia baba mkubwa akae kivulini, zizi litakuwa tayari kabla jua halijazama, na nikamwita mdogo wangu wa kike alete maji ya mgeni.